Picha Nyeusi, Saa Inakwenda

Inspekta Aziza Nduwimana aliitazama ile video mara ya tatu, kisha akaibwaga simu ya Dan mezani kwa kishindo hata kahawa ikaruka kutoka kikombeni.

“Mtu amelala mahabusu kwa sababu ya hii?”

Dan, askari mwenzake, alipangusa meza kwa mkono wa shati. “Si unaona mwenyewe? Mikono yake iko mabegani mwa bibi kizee. Halafu bibi kizee yuko chini.”

“Hiyo halafu yako iko wapi? Mimi naona mikono, naona picha inaganda, naona mtu sakafuni. Katikati hakuna kitu. Na hii hata si video ya kamera. Ni mtu amesimama mbele ya kompyuta na simu yake, anapiga picha skrini. Angalia inavyotikisika. Rekodi yenyewe iko wapi?”

“Mkurugenzi anasema haifunguki tena. Programu ya kuichezesha imekufa.”

“Na wewe ukamwambia nini?”

Dan akatazama nje, kwenye minara ya ofisi zinazozunguka stesheni ya Gare du Nord.

“Ukamwambia asante,” Aziza akamjibia. “Vaa koti. Tunakwenda Ganshoren.”

Aziza hakuwa mtu wa hasira za kimyakimya. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, katika nyumba ambamo mtu akiudhika jirani hujua, na miaka yake yote katika polisi ya Brussels haikumfundisha vingine. Kesi yenyewe ilimfikia asubuhi hiyo tu. Bi. Ghislaine, mjane aliyevuka miaka themanini, alikuwa ameanguka kutoka kwenye kiti cha magurudumu katika ukumbi wa juu wa nyumba ya wazee, nyonga ikavunjika, na sasa yuko hospitali hajitambui. Mhudumu wake, Mignonne Nabintu, mama wa Bukavu, alikamatwa jana yake kwa kumsukuma. Jioni hii angepelekwa kwa hakimu wa uchunguzi, na hakimu akiiona ile video ya simu atamtia gerezani bila kufikiri mara mbili.

Kabla ya kutoka, Aziza alishuka mahabusu. Mlangoni alimkuta mwanamke amembeba mtoto mchanga anayelia hadi sauti imekauka.

“Miye ni Viviane, dada ya Mignonne,” yule mwanamke alisema alipomsikia Aziza anamsalimu kwa Kiswahili. “Madame, huyu mutoto yake anakatala biberon, ile chupa ya maziwa, tangu jana. Naomba tu anyonye. Bananiambia procédure.”

Aziza alimgeukia askari wa zamu. “Utaratibu gani unaomkataza mtoto kunyonya? Nionyeshe. Nisomee kwa sauti.”

Askari akatoa funguo. Mlango ukafunguliwa.

Mignonne alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha saruji, blauzi imelowa kifuani. Alimpokea mtoto kwa mkono wa kushoto, akamweka titini. Mkono wa kulia ulibaki pajani. Vidole vilikuwa vimevimba, vya rangi ya bilinganya.

“Mkono umefanya nini?” Aziza aliuliza.

“Siku ileile. Mwenzako alisema ni juu ya kupiga ule mama.”

Dan, aliyekuwa amesimama nyuma, alivitazama vile vidole, akashusha macho.

“Nieleze tangu mwanzo.”

“Nilikuwa mu lingerie, chumba ya nguo, napanga ba-serviettes, ile ma-taulo. Nikasikia Madame Ghislaine anapiga makelele. Nikatoka mbio. Alikuwa anateleza mu kiti, ceinture, ile mukanda, haifungwe. Nikamukamata huku, mu mabega. Eko muzito, inspecteur. Tulianguka wote wawili.”

“Kiti kilikuwa kimesimama?”

“Hapana. Kilikuwa kinarudi nyuma.”

“Nani alikuwa anakivuta?”

“Hakuna muntu. Kinarudi pekee yake.”

“Sakafu ya pale ina mteremko?”

“Iko sawa kabisa.”

Aziza aliliweka hilo akilini. Kiti hakirudi nyuma chenyewe kwenye sakafu iliyo sawa. Kuna mkono ulikuwa umekiachia sekunde ileile.

“Nani alifika wa kwanza?”

“Papa Josias. Alitoka mu ascenseur, ile lifti, akajishika kichwa, akasema, ‘Mignonne, umefanya nini?’ Miye nikafikiri anauliza tu.”

“Papa Josias ni nani kwako?”

“Ni chef d’équipe, mukubwa wa zamu yetu. Yeye njo alinitafutia ile kazi. Tunasali pamoja.” Alimtazama mtoto. “Njo parrain wa huyu, baba yake wa ubatizo.”

*

Nyumba ya wazee ilisimama katika mtaa mtulivu wa Ganshoren, matofali mekundu na vichaka vilivyokatwa kwa rula. Lifti iliwafikisha ghorofa ya juu, na mlango ulipofunguka walisikia mtu anafoka kwa Kiflamandi. Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, koti jeupe limepigwa pasi, anamkaripia dereva wa kampuni ya ufuaji kwa sababu ya mashuka yaliyoletwa pungufu. Kiflamandi chake kilikuwa cha mtu aliyekiishi. Dereva mwenyewe, mzungu Mflamandi, alikuwa anajitetea kwa kigugumizi.

Alipowaona polisi alibadilika mara moja, akatabasamu. “Bonjour, Madame l’inspecteur. Miye ni Josias.” Kusikia Aziza anaitikia kwa Kiswahili, tabasamu likapanuka. “Ah, maman, kumbe weye ni wa kwetu! Bon, ni huzuni sana ile mambo ya Mignonne. Nilimulea kama mutoto yangu.”

“Kiflamandi umekipata wapi, papa?”

“Aalst, muji ya Baflamandi. Tulipofika na bakimbizi wengine, njo kule balitutuma. Batoto yangu bote balisoma kule.”

“Na siku ile uliona nini?”

“Miye nilikuwa mu ascenseur. Mlango inafunguka, mama eko chini, Mignonne eko juu yake. Ile nilisema na mwenzako.”

“Video uliiona?”

“Miye? Hapana, maman. Mambo ya ba-caméra ni ya Madame la directrice. Miye na ma-ordinateur, ile ma-kompyuta, hatujuane.”

Alisema hivyo akicheka. Aziza hakucheka.

Mkurugenzi, Madame Mathilde, aliwapokea ofisini kwa uso wa mtu aliyekwisha kulifunga jambo hilo. Alizungumza Kifaransa cha haraka. Kampuni iliyofunga kamera ilikuwa imevunjwa zamani, alisema. Ile video aliipiga mwenyewe kwa simu, hapa, kwenye kompyuta yake, na mara tu alipomaliza programu ikafa.

“Basi tuone maiti,” Aziza alisema, akakalia kiti cha mkurugenzi bila kukaribishwa.

Mashine ya kurekodi ilikuwa katika kabati la chini, na picha zake zilisomwa kwa kivinjari cha kompyuta, kama mtu anayefungua ukurasa wa mtandao. Ila ukurasa huo peke yake hautoshi. Mashine za zamani za namna hii hudai programu-jalizi, kijiprogramu kidogo kinachopachikwa ndani ya kivinjari ili kiisome video. Bila hicho, kivinjari ni kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

Aziza alianza na Chrome. Ukurasa ulifunguka, ukaandika kwamba programu-jalizi hii haikubaliki. Akajaribu Firefox. Huko palikuwa na kitufe cha kupakua. Alikibofya, faili likashuka, akaliendesha, akarudi, na ukurasa ukamwambia tena apakue. Alibofya mara ya pili, ya tatu. Ilikuwa kama kubishana na karani anayekutuma dirisha lingine kisha lile la kwanza.

“Nilikuambia,” alisema Mathilde.

“Hujaniambia kitu bado.”

Akafungua Edge. Hapa ukurasa ulimkubali, akachagua kamera ya ukumbi wa juu na siku ya tukio, akabonyeza kitufe cha kuchezesha. Skrini ikawa nyeusi tii. Kwenye kona, tarakimu za saa zikaanza kwenda.

“Unaona?” Mathilde alisimama. “Imefutika. Nina wazee wanaosubiri chakula, Madame.”

“Kaa chini.” Aziza aliitazama ile saa inavyokwenda. Akaisogeza mbele, ikaruka ikaendelea. Akachagua siku ya miezi mingi nyuma, ambayo mashine ilikwisha kuifuta ili kupata nafasi: hapo hapakuwa na saa wala weusi, ila neno moja tu, kwamba hakuna rekodi. “Kilichofutika hakina saa. Hapa saa inakwenda. Rekodi ipo nzima. Jicho la kuisoma ndilo halipo.”

Dan alijikohoza. “Kwa hiyo kweli programu yake imekufa.”

“Haijafa. Haijawahi kuzaliwa.” Aziza alifungua orodha ya vitu vilivyowahi kusakinishwa kwenye kompyuta ile, akaizungusha skrini waione wote. Kabla ya siku hiyo ile programu-jalizi haikuwahi kuwemo. Kilichokuwemo ni faili aliloshusha yeye mwenyewe muda ule. “Madame, kwenye kompyuta hii video hiyo haijachezwa hata siku moja.”

“Labda nilikuwa…”

“Dan, lete simu yako.”

Aliirudisha ile video mwanzo, akaisimamisha, akaikuza picha kwa vidole viwili. Chini kabisa, ambapo mkono wa aliyepiga ulitetemeka, ukingo wa dirisha la kivinjari ulikuwa umeingia kidogo. Kulikuwa na kitufe, na neno moja: Afspelen.

“Kwenye kompyuta yako kitufe hicho kinasema Lecture. Kila kitu hapa ni Kifaransa. Hii ilichezwa kwa Kiflamandi. Sasa nakuuliza kwa mara ya mwisho, na ukinidanganya tena nakuchukua kwa kuzuia uchunguzi. Nani alipiga video hii?”

Mathilde aliketi.

“Sijui. Naapa sijui. Ilitumwa kutoka simu ya ghorofa, ile wanayoitumia wahudumu wote.”

“Na ukasema ni wewe.”

“Kwa sheria kamera naruhusiwa kuziona mimi tu. Lakini nywila… kila chef anaijua. Kuna kompyuta nyingine, katika chumba cha kukabidhiana zamu. Ningewaambia, wangenifungia nyumba.”

“Kwa hiyo ukaona bora afungiwe Mignonne.”

“Sikufikiri hivyo!”

“Hukufikiri kabisa!” Sauti ya Aziza ilifika hadi ukumbini, mzee mmoja akachungulia mlangoni na kijiko mkononi. “Kuna mtoto amekesha bila kunyonya kwa sababu wewe unaogopa kufungiwa nyumba! Nyanyuka. Tuonyeshe chumba.”

*

Kompyuta ya chumba cha zamu ilikuwa ya zamani, na vumbi limeota kama manyoya kwenye feni yake. Skrini ya mwanzo iliorodhesha majina ya wanaoitumia. Mathilde aliingia kwa jina lake, na kila kitu kikaja kwa Kifaransa.

“Basi si hii,” alisema Dan.

“Lugha haifuati kompyuta, inafuata jina la anayeingia. Kila mmoja ana mipangilio yake.” Aziza alipitisha kidole kwenye majina. Jina la Josias lilikuwa la pili. “Nani hapa angechagua kusoma kompyuta yake kwa Kiflamandi?”

Dan aligeuka kuelekea ukumbini. Walikuwa wamemsikia wote wawili mbele ya lifti.

“Si ushahidi,” Aziza alisema. “Wabelgiji nusu ya nchi wanakisoma. Lakini yeye kaniambia hajuani na kompyuta, na jina lake hili hapa. Sasa nataka rekodi.”

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kwa jina la Mathilde video ilikataa vilevile: weusi, na saa. Aziza akajua kwamba ruhusa za programu-jalizi nazo zilikuwa zimewekwa kwa mtu mmoja tu, mwingine akiingia haoni kitu. Kwa hiyo angeanza upya. Alikwenda kwenye mipangilio ya Edge, akauamuru ukurasa wa mashine ufunguke kwa mtindo wa kivinjari cha kale, kile kilichostaafishwa. Kivinjari kikataka kizimwe. Akakizima, akakiwasha. Ukurasa ukarudi na sura nyingine, ya kizamani, na utepe wa njano juu yake ukiomba kusakinisha. Akakubali. Kompyuta ikazuia: cheti cha programu kimekwisha muda wake.

“Haiwezekani basi,” Mathilde alinong’ona.

“Nyamaza.”

Aliiandika anwani ya mashine katika orodha ya zinazoaminika, akamwambia Mathilde aingize nywila ya usimamizi, akasakinisha tena. Akazima, akawasha. Dan alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani.

Picha ikatokea. Ukumbi wa juu wa wakati huohuo, rangi zote, mashuka yaliyoletwa pungufu bado yako sakafuni.

Aziza alichagua siku, akaikaribia saa ya tukio, akabonyeza. Mikono ya Mignonne ikaja mabegani mwa bibi kizee. Picha ikaganda. Ikaruka. Bibi kizee sakafuni.

“Palepale,” Dan alisema. “Basi imekatwa, na mashine yenyewe haina kipande hicho.”

Aziza alipiga meza ngumi. Akakaa. Kisha akachagua siku nyingine kabisa, saa ya chakula, wahudumu wanapishana na mikokoteni. Picha ikaganda, ikaruka. Akachagua nyingine, watoto wa mgeni wanakimbizana. Ikaganda, ikaruka.

“Hakuna aliyekata,” alisema. “Inaruka kila mahali penye mwendo mwingi. Kompyuta hii imechoka, programu inaitwika mzigo kadi ya picha na kadi haiwezi. Vitu vikitulia inakwenda, watu wakikimbia inaziacha picha njiani. Wewe ukaona pengo, ukalijaza na mwanamke mweusi anayesukuma.”

Dan alirudi nyuma hatua moja. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Katika mipangilio ya programu-jalizi kulikuwa na kisanduku kimoja cha kuiruhusu itumie kadi ya picha. Aziza aliondoa tiki. Akazima, akawasha, akarudi nyuma zaidi ya pale video ya simu ilipoanzia. Akabonyeza.

Safari hii ilitiririka kama maji.

Josias alionekana anamsukuma Bi. Ghislaine. Mkanda wa kiti ulikuwa unaning’inia. Bibi kizee alinyoosha mkono akashika reli ya ukutani, hataki kwenda. Josias akasema kitu. Akasema tena. Akambandua vidole, bibi kizee akashika upya. Ndipo Josias alipokamata vishikio vya kiti kwa mikono miwili na kukivuta nyuma kwa nguvu zake zote. Bibi kizee akateleza, nusu mwili nje. Josias akaachia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia kwenye lifti. Kiti kikaendelea kurudi nyuma chenyewe.

Kisha Mignonne, kutoka chumba cha nguo, taulo zinamwagika nyuma yake. Akamdaka mabegani. Uzito ukamshinda, na wakati wanakwenda chini wote wawili aliutoa mkono wa kulia begani na kuupeleka chini ya kichwa cha bibi kizee. Kichwa kilitua juu ya vidole vyake.

Mathilde alifunika mdomo. Dan aliomba irudiwe, na Aziza akairudia, amwone vizuri.

“Hivyo vidole ulivyoandika kwamba vimevimba kwa kupiga,” alisema, “ndivyo vilivyomwokolea bibi kizee fuvu lake. Toa diski ya kituo. Nakili rekodi nzima kutoka kwenye mashine, siyo kwa simu, na mashine uifungie kwa lakiri. Halafu kaniitie Josias.”

*

Josias aliingia anafuta mikono, akaacha mlango wazi. Aziza akaufunga. Skrini ilikuwa imegeuziwa ukuta.

“Papa Josias, hii kompyuta unaijua?”

“Naiona tu hapa, maman. Nilikuambia, miye na mashini…”

“Ndiyo, hamjuani.” Alimpa simu ya Dan, ile picha imekuzwa. “Nisaidie basi. Mimi Kiflamandi kinanishinda. Hili neno linasema nini?”

“Afspelen? Ni… kuanzisha. Kucheza video.”

“Wewe ulipoianzisha, ulianzia wapi?”

Josias aliiweka ile simu mezani.

“Sijue unasema nini.”

“Kwenye rekodi, kabla ya mikono ya Mignonne, kuna nini? Wewe umeiona. Ulichagua pa kuanzia.”

“Alors là, maman, unanionea. Nilifilmer kidogo, ndiyo, kwa kusaidia polisi. Nilikuta pale, nikafilmer pale. Mbele hakuna kitu.”

Aziza aliigeuza skrini, akabonyeza. Josias alijiona anabandua vidole vya bibi kizee. Alijiona anakivuta kiti. Alipofika pale anapotazama kushoto na kulia, aligeuza uso.

“Tazama!” Aziza alifoka. “Umeitazama peke yako, sasa tazama na sisi!”

“Ilikuwa accident. Nilitaka nende niite ba-collègues, benzangu…”

“Ulikwenda kusimama ndani ya lifti. Ukangoja mwingine afike.”

Josias aliketi bila kuambiwa. Alipoongea tena sauti ilikuwa imebadilika, ya chini, ya nyumbani. “Dada yangu. Unisikie. Ule mama alinitukana asubui yote, macaque, macaque, ni kusema nyani. Nikachoka. Mara moja tu, nilichoka. Nimebakisha kidogo nende pension. Mignonne eko kijana, hana dossier mbaya ku polisi, bangemuachilia tu. Sisi ni batu ba kwetu, tunaweza ongea…”

“Mignonne si mtu wa kwenu?”

Josias alipangusa uso kwa koti lake jeupe.

“Ulichoka, nasikia. Kuchoka ningekuelewa. Wangapi hapa wanatukanwa kila siku na wanachoka. Ungepiga kelele pale pale, ‘Nimemwangusha, njooni,’ ningekuja hapa nikiwa na huruma na wewe.” Aziza aliinama hadi macho yao yakawa sawa. “Lakini wewe ulitoka kwenye lifti, ukamkuta binti uliyemshika mtoto wake kanisani amelala chini na mkono umeumia, ukamuuliza umefanya nini. Halafu ukaja kuketi kwenye kiti hiki, ukatafuta sekunde ya kuanzia. Hiyo haikuwa hasira, papa. Ulikuwa umetulia.”

Josias alianza kulia. Aziza alimwambia Dan amfunge pingu, naye Dan akamfunga.

*

Mwendesha mashtaka aliitazama rekodi mezani kwa Aziza, na kabla ya jioni Mignonne alikuwa huru. Alipoambiwa ni nani aliyemwangusha bibi kizee, hakulia. Aliuliza mara moja tu, “Papa Josias?” kisha akauliza hali ya Madame Ghislaine. Aziza alimwambia ukweli: bado hajaamka, lakini daktari ana matumaini, kwa sababu kichwa hakikupasuka.

Dan alikuja na funguo za gari, akasema kwa Kifaransa: “Madame Nabintu, nitakupeleka hospitali kwa ajili ya mkono, kisha nyumbani. Samahani sana.”

Viviane alikuwa amekwisha kusimama. Mignonne hakusimama.

“Samahani ile unaisemea hapa ndani?” aliuliza. “Hapa tuko wangapi?”

Dan hakuelewa. Aziza akamtafsiria.

“Mulinikamata mu barabara ya Chaussée de Wavre,” Mignonne aliendelea, na sasa hasira iliyokuwa imekaa ndani yake tangu jana ilipanda yote. “Mu magasin, duka ya Maman Rolande, niko nanunua sombe, majani ya muhogo. Menottes, mapingu, mbele ya batu. Banawake ba kanisa baliona. Kuna kijana alifilmer, saa hii iko mu ma-téléphone yote ya Matonge, mutaa yetu: Mignonne anapigaka bazee. Na weye unataka kunipeleka nyumbani polepole na mulango wa nyuma?”

“Anasema nini?” Dan aliuliza.

“Anasema gari litakwenda Chaussée de Wavre kwanza,” Aziza alijibu, “na kwamba wewe ndiwe utakayezungumza.”

Duka lilikuwa limejaa, saa ya watu kutoka kazini. Harufu ya samaki wakavu iliwapokea mlangoni. Maman Rolande, mwenye duka, alikuwa anapima pilipili; alipoona sare ya polisi mkono wake ulibaki hewani, na alipomwona Mignonne nyuma ya sare, mtoto kifuani na mkono umefungwa kitambaa cha Viviane, aliiweka mizani chini. Mazungumzo yakakatika kuanzia mbele. Nyuma, kwenye magunia ya unga, watu waliendelea kuongea.

Dan alivua kofia. “Jana tulimkamata Madame Nabintu hapa,” alisema kwa Kifaransa. “Tulikosea. Mimi nilikosea. Hakumwangusha mtu yeyote. Aliumia akimkinga.”

Alimgeukia Mignonne, kama mtu aliyemaliza.

Mignonne alimpandisha mtoto begani vizuri. Hakumtazama Dan, alitazama kule mwisho wa duka, kwenye magunia.

“Sema tena,” alisema. “Bale ba nyuma habakusikia.”